Mafuta ya nazi ni "oganiki". Basi ninywe?

Swali: Muuzaji mmoja hapa Ngamiani, Tanga, ananiambia mafuta yake ya nazi ni oganiki, hayana kemikali wala lehemu (kolesteroli), na baba watoto anywe kijiko kila asubuhi. Ni kweli?

Jibu: Nusu ni kweli, dada, na hiyo nusu ndiyo inayouza. Lehemu hayana, maana lehemu tunaipata kwenye vyakula vya wanyama: maini, kiini cha yai, samli. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda, na hayo hupandisha lehemu mbaya katika damu. Itazame chupa yako asubuhi za kipupwe, Julai: nyeupe kama mshumaa. Joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, yanaganda, na ya alizeti pembeni bado yanatiririka. Tui kwenye wali sina ugomvi nalo. Kijiko cha asubuhi kama dawa, hapana.

Swali: Hiyo oganiki ni nini hasa?

Jibu: Sokoni ni kilimo hai, mazao yasiyotiwa mbolea za viwandani. Kwa mwanakemia ni kampaundi iliyojengwa kwa kaboni, mara nyingi ikiwa imeshikana na haidrojeni: sukari, protini, mafuta ya kula. Mafuta ya taa nayo ni oganiki, na hakuna anayeyatia kwenye mchuzi! Hayo ya "hayana kemikali" yaache. Hata maji ya kisima ni kemikali.

Jaribu jikoni. Bandika kikaango kikavu, tia sukari kidogo: itayeyuka, iwe kahawia, mwisho makaa meusi. Hiyo ndiyo kaboni. Tia chumvi: itarukaruka na kubaki nyeupe, kwa kuwa kaboni haimo. Mpaka wenyewe una matobo, lakini. Mawe ya chokaa ya Mapango ya Amboni yana kaboni, ila huhesabiwa upande usio oganiki.

Swali: Lipidi ndiyo mafuta?

Jibu: Mafuta ni aina mojawapo, nta na lehemu zimo pia. Zote hazichanganyiki na maji. Gazeti lililofungiwa maandazi huacha doa linalopitisha mwanga, na ukilianika juani kutwa nzima doa halikauki. Mwili unazihitaji kujenga utando wa seli na kufyonza vitamini A, D, E na K, kwa hiyo mchicha usio na tone la mafuta unakupunja. Ila gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4.

Swali: Na chumvi?

Jibu: Isiyo oganiki, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye ng'onda. Nunua yenye madini joto.

Swali: Sasa baba watoto nimpe nini?

Jibu: Vibua vya kuchoma, mara mbili kwa wiki. Chupa ya nazi ibaki ya nywele.