Kununua Kampuni Ndogo: Isafishe Faida Kabla ya Kubishania Bei

Kampuni ndogo ya binafsi haina bei inayotangazwa sokoni. Bei yake hupatikana kwa kuzidisha faida ya mwaka kwa namba fulani, ambayo kwa kampuni za kiwango hiki mara nyingi huwa kati ya 2 na 4. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kuvutana wiki nzima kama namba hiyo iwe 3 au 3.5, wakati hasara kubwa imejificha kwenye faida yenyewe, ambayo hakuna aliyeigusa.

Tuseme hesabu zinaonyesha faida ya milioni 60, kabla ya riba, kodi na uchakavu (thamani ambayo mashine na magari hupoteza kila mwaka). Ukizifungua unakuta mmiliki ndiye meneja lakini hajilipi mshahara. Meneja wa kuajiriwa atagharimu milioni 18 kwa mwaka. Jengo ni lake na kampuni hailipi kodi ya pango. Ukishanunua ataanza kukudai milioni 12 kwa mwaka. Ndani ya faida ile kuna milioni 8 zilizotokana na kuuza mashine ya zamani, fedha ambazo hazitajirudia. Upande wa pili, gari la familia yake limekuwa likigharimiwa na kampuni kwa milioni 6, na gharama hiyo ataondoka nayo. Chukua 60, ongeza 6, toa 18, 12 na 8. Inabaki 28. Kwa kizidishi cha 3, bei imeshuka kutoka milioni 180 hadi 84, na hakuna aliyedanganya mahali popote.

Hata hiyo 28 ina tahadhari yake. Kwa kuwa uchakavu haujaondolewa, kampuni yenye mashine au magari yaliyochoka itakula sehemu ya fedha hizo kila mwaka kwa kununua vifaa vipya. Uliza umri wa kila kifaa kikubwa na kilichotumika kuvibadilisha miaka 5 iliyopita. Mmiliki anayejiandaa kuuza aghalabu huacha kubadilisha vifaa mapema, na faida hupanda kwa sababu hiyo hiyo.

Ushahidi wa mauzo usitafutwe kwenye hesabu peke yake. Weka mezani nyaraka tatu za miaka 3 mfululizo: hesabu za kampuni, taarifa za benki na ritani za kodi, kisha linganisha mwezi kwa mwezi. Muuzaji akikwambia mauzo halisi ni makubwa kuliko yale aliyoyaripoti kwa mamlaka ya kodi, amekupa habari mbili kwa mkupuo: kwamba hana uthibitisho wa anachokuuzia, na kwamba kampuni ina deni la kodi ambalo halijagunduliwa. Lipia kinachothibitika tu. Kununua kwa maneno ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Halafu tazama wateja. Panga orodha ya mauzo kuanzia mteja mkubwa kushuka. Mmoja akibeba asilimia 40 ya mauzo, soma mkataba wake neno kwa neno, maana mikataba mingi ina kifungu kinachomruhusu mteja kujitoa umiliki unapobadilika. Pasipo na mkataba wowote, na mteja anakuja kwa sababu ya urafiki na mmiliki, faida hiyo huenda ikaondoka na mmiliki.

Hisa au mali?

Ukinunua hisa, unachukua kampuni nzima jinsi ilivyo: leseni, mikataba na wafanyakazi, pamoja na kodi za nyuma, kesi na madeni hata yale ambayo hayakuandikwa. Ukinunua mali peke yake, yaani mashine, stoku, jina na orodha ya wateja, madeni mengi hubaki kwa muuzaji, lakini leseni na mikataba kwa kawaida haihami yenyewe. Kila mwenye mkataba aridhie upya. Kuhusu wafanyakazi, sheria hutofautiana, na kuna nchi ambako wanahama na haki zao zote hata kama umenunua mali tu. Kwa kampuni yenye kumbukumbu mbovu za kodi, njia ya mali ndiyo salama zaidi, hata kama usumbufu wake ni mkubwa.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wapya hulisahau karibu kila mara: mtaji wa uendeshaji, yaani fedha zinazozunguka kwenye stoku na madeni ili kampuni iende siku kwa siku. Kati ya kukubaliana bei na kukabidhiana, muuzaji anaweza kukusanya madeni kwa wateja, kuchelewesha malipo ya wasambazaji na kuacha stoku iishe, kisha akaondoka na fedha taslimu. Unapokea kampuni inayohitaji fedha siku ya kwanza. Kinga yake ni hesabu rahisi. Kila mwezi kwa miezi 12, jumlisha stoku na fedha ambazo wateja wanadaiwa, toa zile ambazo wasambazaji wanaidai kampuni, kisha pata wastani. Andika wastani huo kwenye mkataba. Wastani ukiwa milioni 40 na siku ya makabidhiano ikakutwa milioni 25, bei inapungua kwa 15. Madeni ya wateja yaliyopita siku 90 yasihesabiwe kwa thamani kamili.

Malipo nayo yasitoke yote siku moja. Mpangilio unaofaa kampuni nyingi ndogo ni asilimia 60 siku ya makabidhiano, asilimia 10 ikae kwenye akaunti ya wakili kwa miezi 12 hadi 18 kufidia madeni yatakayoibuka, na asilimia 30 iwe mkopo kutoka kwa muuzaji, unaolipwa kwa miaka 3. Muuzaji anayekataa katakata kuacha hata senti moja nyuma anakueleza anavyoiamini kampuni yake. Ukichukua pia mkopo wa benki, hakikisha faida iliyosafishwa inazidi marejesho yote ya mwaka angalau mara 1.25. Kwa faida ya 28, marejesho yasivuke 22.4, tena hapo bado hujalipa kodi wala kununua kifaa kipya.

Ukinunua sehemu tu

Kuwekeza bila kuitwaa kampuni yote kuna hatari zake. Kwanza jua fedha inaenda wapi: ukinunua hisa za mwanahisa aliyepo, zinaingia mfukoni mwake, hisa mpya zikitolewa, zinaingia kwenye kampuni. Kampuni ikithaminiwa milioni 80 kabla ya fedha zako, na ukaweka 20 kwa hisa mpya, unapata asilimia 20, kwa kuwa thamani sasa ni 100. Wapo wanaodai 25 na wengine wanakubali 15 kwa kutofahamu hesabu hii.

Mwenye hisa chache hawezi kulazimisha gawio litolewe, na hisa zake hazina soko la haraka. Katika nchi nyingi zenye sheria ya kampuni yenye asili ya Uingereza, azimio maalumu (uamuzi mzito wa wanahisa, kama kubadilisha katiba ya kampuni) huhitaji asilimia 75 ya kura, hivyo mwenye zaidi ya 25 anaweza kulizuia. Chini ya hapo, kinga yako ni mkataba wa wanahisa. Uweke haki ya kupata hesabu kila mwezi, mambo yasiyoamuliwa bila ridhaa yako (mikopo mikubwa, mishahara ya wakurugenzi, hisa mpya), haki ya kuuza pamoja na mwenye hisa nyingi kwa bei ile ile, na kanuni ya kukokotoa bei siku unapotaka kutoka. Saini mkataba huo kabla fedha haijahama.

Siku ya makabidhiano, badilisheni watia saini wa benki, pelekeni taarifa za wakurugenzi na wanahisa wapya kwa msajili wa kampuni, na mpokee nywila za mifumo yote, ikiwemo ya kodi na barua pepe. Muuzaji abaki kwa miezi 3 hadi 6 kwa malipo yaliyoandikwa, awatambulishe wateja na wasambazaji mmoja mmoja, na asifungue biashara shindani kwa muda na eneo mlilokubaliana. Eneo likiwa pana mno au muda mrefu mno, mahakama inaweza kukibatilisha kifungu hicho.