Si kila majonzi ni sonona, na si kila sonona hulia: dhana potofu na ukweli

Katika zahanati za Nyanza, Magharibi na Nakuru nchini Kenya, mtu mwenye sonona, au depresheni kama wengi wanavyoiita, mara nyingi hasemi ana huzuni. Anasema kichwa kinamgonga, mgongo unawaka, kifua ni kizito, usingizi umekatika. Anatibiwa malaria, wiki ya pili anarudi, anaambiwa huenda ni taifodi. Wakati huohuo jirani yake aliyefiwa majuzi, anayelia kila jioni, anaambiwa na ndugu zake kwamba tayari ana depresheni. Wa kwanza ni mgonjwa na hakuna aliyemtambua. Wa pili anaomboleza, naye hana ugonjwa wowote. Makosa yote mawili yanatokana na dhana ambazo zimezoeleka mno.

"Ukiwa na sababu ya kuhuzunika, hiyo si sonona"

Kwa maoni yetu hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Mtu amefutwa kazi, au ndoa imevunjika, au miwa imekauka shambani huku deni likimsubiri. Watu wanasema, "Hata mimi ningehuzunika," na mambo yanaishia hapo. Lakini kuwepo kwa sababu hakuamui chochote. Sonona nyingi huanza baada ya jambo zito, na nyingine huja bila jambo lolote. Kinachotazamwa ni muda, idadi ya dalili, na kiasi ambacho maisha ya kila siku yamekwama.

Muda ni wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, kwa sehemu kubwa ya siku. Dalili zenyewe ni 9. Mbili ndizo mlango: moyo kuwa mzito, na kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakikupendeza. Nyingine ni usingizi kukatika au kuzidi, uchovu, hamu ya chakula kupungua au kuongezeka, kujiona hufai au kujilaumu kupita kiasi, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kuhangaika hadi watu wengine waone, na mawazo ya kifo. Kwa kipimo kinachotumika sana, zinahitajika angalau 5, na mojawapo lazima iwe kati ya zile mbili za mlango. Tena ziwe zimeharibu kazi, masomo au maelewano nyumbani.

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga Kibuye, Kisumu, aliyeibiwa mtaji wote. Akiwa na huzuni ya kawaida, atalala vibaya siku kadhaa, atakuwa mkali, atalia. Lakini mteja wake wa siku zote akimtania, anacheka kidogo. Jumamosi anaenda kwenye chama, hata kama ni kulalamika tu. Mawazo yake yako kwenye pesa: nitakopa wapi, nitaanzaje tena. Akiwa na sonona, anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote. Akifika sokoni anakaa nyuma ya meza, mteja anauliza bei ya sukuma wiki naye anachelewa kujibu kwa sababu swali lenyewe halijaingia kichwani. Mjukuu anayempenda anakuja mbio kumkumbatia, naye hasikii chochote moyoni, kisha anajilaumu kwa kutosikia. Mawazo yameacha pesa na kumgeukia yeye mwenyewe: mimi si kitu, nimekuwa mzigo kwa watoto. Wakati mwingine hata machozi hayatoki.

"Aliyefiwa akilia miezi mitatu, hiyo ni depresheni"

Maombolezo hayana ratiba, na jamii zetu zinalijua hilo: matanga, tero buru ya Waluo, kumbukumbu zinazofanywa muda mrefu baada ya maziko. Huzuni ya msiba huja na kwenda. Humpanda mtu akiona kiti cha marehemu au akisikia jina lake, kisha hushuka. Katikati yake mwombolezaji anaweza kusimulia kituko cha marehemu na kucheka. Hata akisema angetamani kumfuata, kwa kawaida maana yake ni kumkosa mtu huyo, wala hajidharau. Sonona haishuki hivyo. Hukaa, na hujaa kujishutumu kusikohusiana na marehemu.

Msiba pia haumkingi mtu na sonona. Hadi 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliwaambia madaktari wasiseme ni sonona katika miezi 2 ya kwanza baada ya kufiwa. Toleo la mwaka huo liliondoa sharti hilo, kwa sababu wapo wanaougua kweli katikati ya msiba na wanahitaji tiba. Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani una pia tatizo tofauti la maombolezo yaliyokwama: hamu kali ya marehemu isiyopungua kwa zaidi ya miezi 6, kupita desturi za jamii husika, hadi maisha yanasimama. Hilo nalo lina tiba yake.

"Hakuna kipimo, daktari anakisia tu"

Ni kweli hakuna kipimo cha damu cha sonona. Lakini ipo fomu ya maswali 9, PHQ-9, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa uchunguzi wa usahihi hapa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na VVU, matokeo yakachapishwa 2009. Kila swali linahusu wiki 2 zilizopita: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ni kati ya 0 na 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, 10 hadi 14 za wastani, 15 hadi 19 za wastani kuelekea kali, 20 na zaidi ni kali. Kuanzia 10 unahitaji kuzungumza na mhudumu ana kwa ana.

Fomu hukosea pale inapojazwa haraka. Mtu anajibu jinsi anavyojisikia leo badala ya wiki 2 nzima, au anasomewa maswali mbele ya mumewe au mama mkwe na kila jibu linakuwa hapana. Kosa jingine ni kutazama jumla pekee. Swali la 9, la mawazo ya kifo au kujidhuru, likijibiwa chochote zaidi ya 0 linafuatiliwa siku hiyohiyo, hata kama jumla ni 4.

Vipimo vingine, kama vya damu, hufanywa pia, ili kuondoa uwezekano wa magonjwa yanayofanana na sonona: upungufu wa damu, tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi kidogo mno, VVU, kisukari, kifua kikuu. Uchovu wa mama mwenye damu kidogo hautaondoka kwa ushauri nasaha. Pombe nayo huchafua picha. Mtu anayekunywa chang'aa kila siku anaweza kuwa na dalili zote 9 kutokana na pombe yenyewe, kwa hiyo hupimwa upya baada ya takriban mwezi 1 bila kunywa. Aliyezoea kunywa sana asiache ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege. Aanzie hospitalini.

"Mwanamume hapati depresheni"

Wanawake hugunduliwa kuwa nayo karibu mara mbili ya wanaume, lakini wanaokufa kwa kujiua nchini mwetu wengi ni wanaume. Kwao huzuni mara nyingi huonekana kama hasira za ghafla, pombe, kamari, kuendesha bodaboda bila kujali, au kukaa kimya wiki nzima. Mkali wa siku zote huenda ana tabia hiyo tu. Aliyekuwa mpole, akabadilika ndani ya miezi miwili, aulizwe kuhusu usingizi na hamu ya maisha. Vijana wa sekondari nao huonyesha zaidi ukali kuliko majonzi.

Kuhusu madai kwamba ni laana, ni uvivu, ni imani haba au ni ugonjwa wa matajiri: hakuna lililo kweli. Maombi na watu wa kanisani au msikitini humpa mgonjwa faraja ambayo zahanati haiwezi kumpa, nasi hatuoni ubaya wowote hapo. Ubaya huanza pale anapoambiwa aache dawa ili kuthibitisha imani yake.

"Mama mchanga lazima afurahi"

Kati ya siku ya 3 na ya 5 baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia ovyo. Hilo huisha lenyewe ndani ya wiki 2, likihitaji usingizi na mtu wa kumshikia mtoto. Lisipoisha, au mama akiogopa kubaki peke yake na mtoto wake, huenda ni sonona ya uzazi. Kliniki ya chanjo ya wiki ya 6 ni mahali pazuri pa kulisema. Akisikia sauti, akichanganyikiwa au akisema mtoto ni pepo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

"Dawa za sonona huleta uraibu, na ukizimeza utapona kesho"

Fluoksetini na amitriptilini, zinazotumika sana katika hospitali za umma, hazileti uraibu. Lakini haziachwi ghafla; hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya tabibu. Fluoksetini kwa kawaida ni miligramu 20 asubuhi. Wiki ya kwanza inaweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma na wasiwasi, na hapo ndipo wengi huitupa. Nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4, hukamilika wiki ya 6 hadi ya 8. Dalili zikiisha, dawa huendelea miezi 9 hadi 12, la sivyo ugonjwa hurudi kwa urahisi.

Amitriptilini huanzia miligramu 25 usiku, kisha huongezwa taratibu hadi 100 au 150. Tatizo la kawaida ni mtu kubaki kwenye 25 kwa miezi: analala vizuri, lakini sonona ipo palepale. Ikizidishwa hudhuru moyo, hivyo mtu wa familia aitunze, na itolewe ya siku chache chache. Kabla ya dawa yoyote kati ya hizi, tabibu aelezwe kama umewahi kuwa na siku za furaha iliyopita kiasi, usingizi mdogo bila kuchoka na kutumia pesa ovyo, kwani hapo tiba ni nyingine.

Sonona nyepesi hutibika kwa mazungumzo bila dawa. Mjini Kisumu, utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba watu wasio wataalamu wa akili, wakifunzwa na kusimamiwa, walitoa tiba ya mazungumzo iliyopunguza sonona miongoni mwa wanawake wanaoishi na VVU waliopitia ukatili. Nyumbani pia kuna hatua inayosaidia. Kumwambia mgonjwa "jichangamshe" hakufai. Chagueni jambo moja dogo alilokuwa akilifanya, liwe na siku na saa: Jumanne saa kumi jioni, kutembea hadi stejini na kurudi. Alifanye bila kungoja hamu, kwa sababu hamu huja baada ya kitendo.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua, utampa wazo"

Humpi. Wengi hupumua mtu anapowauliza moja kwa moja: "Umefikiria kujiua? Una mpango?" Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za shambani na za kuogeshea mifugo zifungiwe au zipelekwe kwa jirani, apelekwe hospitali. Laini ya simu 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure. Woga wa kushtakiwa usiwazuie: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Muwe macho zaidi wiki za kwanza za tiba, hasa kwa walio chini ya miaka 25, maana nguvu zinaweza kurudi kabla ya moyo kupata nafuu.

Ukienda kutibiwa

Si lazima uanzie hospitali kubwa kama Jaramogi ya Kisumu, Moi ya Eldoret au ile kuu ya Nakuru. Kituo cha karibu kinaweza kuanza na kukupa rufaa. Usitaje kichwa kinachouma peke yake. Sema ni wiki ngapi, unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, umeacha kufanya nini, na kama umefikiria kufa. Omba kuzungumza faraghani. Beba dawa zote unazotumia, za kienyeji zikiwemo, na kabla ya kuondoka uliza tarehe ya kurudi: iwe ndani ya wiki 1 au 2, si mwezi ujao.