Kabla ya Kuazimana Vitabu, Tuafikiane Namna ya Kuviorodhesha

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu hapa Tabora alinijia akitafuta maandiko kuhusu ufugaji wa nyuki katika misitu ya miombo. Asali ya mkoa huu inajulikana nchi nzima, lakini rafu zetu hazikuwa na la kumtosheleza. Baada ya siku kadhaa za simu na barua pepe, tasnifu iliyomfaa ilipatikana katika chuo cha mkoa mwingine. Nilikuwa nimeipekua katalogi yao mapema nisiione, kwa kuwa ilikuwa imeorodheshwa chini ya mada ya misitu pekee, bila neno nyuki popote.

Tunapozungumzia ushirikiano wa maktaba za vyuo vikuu, aghalabu tunaanza na usafiri, gharama na hofu ya vitabu kupotea. Hayo ni ya kweli, lakini kwa uzoefu wangu yanakuja baadaye. Kifurushi kitafika Tabora kwa basi au kwa treni ya reli ya kati. Kilicho kigumu ni kujua kwamba kitabu kipo, na kipo wapi.

Wenzetu wa Ohio, Marekani, walilianza jambo hili kwenye katalogi. Mwaka 1967 vyuo 54 vya jimbo hilo viliunda OCLC, kituo cha pamoja cha maktaba zao, na mwaka 1971 maktaba zao zikaanza kuorodhesha vitabu kwa kompyuta moja ya pamoja: mkutubi mmoja akishaandika rekodi ya kitabu, wengine huitumia ileile na kuongeza tu kwamba nao wanacho. Hivyo kazi iliyofanywa mara moja ikaokoa muda wa wengi, na papo hapo ikazaa orodha inayoonyesha nani ana nini. Uazimaji ukapata pa kusimama.

Sharti lake ni kuandika kwa namna moja, na hapa ndipo ningependa wakutubi wenzangu watulie kidogo. Katika rekodi za MARC, yaani muundo wa kuandika taarifa za vitabu ili kompyuta izisome, jina la kitabu huingia sehemu ya 245, mwandishi sehemu ya 100 na mada sehemu ya 650. Maktaba moja ikiandika «Robert, Shaaban» na nyingine «Shaaban Robert», kompyuta huwaona watu wawili, na msomaji hupata nusu ya vitabu vyake. Majina yetu, yenye jina la baba na la babu na wakati mwingine pasipo jina la ukoo, yanahitaji kanuni tuliyoiafiki wenyewe. Programu ya kuendeshea maktaba iitwayo Koha, ambayo haina ada ya leseni, huweza kuchota rekodi kutoka maktaba nyingine, lakini ikichota rekodi mbovu huusambaza ubovu huo.

Kwa majarida ya kielektroniki hali ni nafuu. Muungano wa COTUL huziwezesha maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini kujadiliana na wachapishaji kwa pamoja, na Research4Life, mpango wa kuzisaidia taasisi za nchi zenye kipato kidogo, hufungua maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Tasnifu zetu na ripoti za wilayani, hata hivyo, hakuna mchapishaji wa ng'ambo atakayetuuzia. Zisipoorodheshwa na sisi, hazionekani na yeyote.

Ile tasnifu ya nyuki sasa imo katika katalogi yetu, ikiwa na mada zote mbili na jina la maktaba inayoihifadhi, na nimewapelekea wenye nayo rekodi hiyo ili warekebishe ya kwao.