Picha ya kichwa ikitoka safi, mgonjwa bado ni mgonjwa: maswali kuhusu saikosisi na ubongo

Haya ni maswali ambayo ndugu wa wagonjwa hutuuliza kliniki ya afya ya akili hapa Uganda, kuanzia Arua mpaka Kampala. Yamezidi tangu watu wasikie kwamba wapo wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaolipiwa masomo ili wachunguze jinsi ubongo unavyobadilika kwa watu wenye saikosisi. Habari hiyo ni njema, lakini imezaa sababu mpya ya kuchelewesha matibabu, yaani kungoja picha ya kichwa, na hiyo ndiyo tunayotaka ikome.

Saikosisi ni nini?

Ni hali ya mtu kushindwa kutofautisha kilichopo na kisichokuwepo. Anasikia sauti zikimtukana au kumwamrisha, ilhali chumbani hakuna anayesema. Anaamini jirani amemtilia sumu, na hata ukila chakula kile kile mbele yake hakubali. Skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa ya kundi hili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mtu 1 kati ya 345 duniani anaishi nayo. Huanza mara nyingi mwishoni mwa utineja au katika miaka ya ishirini na kitu, wavulana wakitangulia kidogo. Ndiyo maana tunaletewa mwanafunzi wa sekondari au kijana wa boda boda, aliyekuwa mzima mwaka jana.

Ni kweli ubongo wake unabadilika?

Ni kweli. Mwaka 1976 huko Uingereza, Eve Johnstone na wenzake walitumia picha za CT (eksirei zinazoonyesha ndani ya kichwa) wakaona kwamba nafasi zenye maji katikati ya ubongo zilikuwa kubwa zaidi kwa wagonjwa wa skizofrenia ya muda mrefu kuliko kwa watu wazima wenye afya. Baadaye mashine za MRI, zinazopiga picha kwa sumaku, zikaonyesha kwamba tabaka la nje la ubongo, hasa sehemu ya mbele na ile ya pembeni karibu na masikio, huwa jembamba kidogo. Hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, huwa ndogo kidogo. Mwaka 2018 muungano wa watafiti uitwao ENIGMA ulilinganisha picha za wagonjwa zaidi ya 4,000 na za watu wasio wagonjwa zaidi ya 5,000, ukakuta wembamba huo karibu kila upande wa tabaka hilo.

Jambo jingine ambalo ndugu wanapaswa kulishika: mgonjwa anaposikia sauti, sehemu za ubongo zinazohusika na usemi na usikivu huwa kazini. Akisema anasikia, anasikia kweli. Kumzaba kofi ili aache uongo hakumponyi, kunamfundisha tu kukuficha.

Basi tumpige picha ya kichwa kwanza, matibabu baadaye?

Hapana. Tofauti nilizozitaja ni za wastani, zinazoonekana ukilinganisha mamia au maelfu ya watu. Ukichukua picha ya mtu mmoja, wako wagonjwa wengi ambao picha zao hazina tofauti na za watu wasio wagonjwa. Picha inaonyesha kuta za nyumba, haionyeshi ugomvi wa waliomo ndani. Hakuna daktari anayethibitisha skizofrenia kwa picha, wala Butabika, hospitali yetu ya taifa ya afya ya akili, wala Ulaya. Tunaitambua kwa kumsikiliza mgonjwa, kumtazama, na kuwauliza mnaoishi naye.

Daktari anaweza kuagiza picha akishuku jambo jingine, kama vile jeraha la kichwa, kifafa kilichoanza ukubwani au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Hiyo ni kazi ya daktari kuamua. Msiuze ng'ombe kwa kuambiwa na jirani.

Lakini tulipiga, na picha imetoka safi. Si ina maana hana ugonjwa, amerogwa?

Hapana, hapana tena. Hili ndilo linalotuumiza. Familia inachangishana, inasafiri mpaka Kampala, inalipa kituo cha binafsi, inapewa bahasha yenye picha safi. Inarudi kijijini ikisema, "Hospitali haikuona kitu." Kutoka hapo ni kwa mganga, mbuzi, kuku, dawa ya kufukiza, mganga wa pili. Tunapompata kijana huyo ameshakaa miezi bila tiba, amekonda, ameacha shule, na vifundo vya miguu vina vidonda vya kamba. Bahasha bado wanayo mkononi, wanatuonyesha kama ushahidi.

Picha safi maana yake hakuna uvimbe wala damu iliyovujia ndani. Haisemi lolote juu ya sauti anazozisikia. Picha safi, mgonjwa bado ni mgonjwa.

Kama picha haitambui ugonjwa, mbona wanafunzi hao wanapewa pesa za kuzipiga?

Kwa sababu lengo lao ni jingine. Mfadhili humlipia mwanafunzi ada na posho kwa miaka kadhaa ili ajibu swali moja finyu: kwa mfano, je, mabadiliko yapo tangu dalili za kwanza au yanaongezeka na muda? Je, yanatokana na ugonjwa, bangi, dawa, au vyote? Majibu yakipatikana yatasaidia kubuni tiba bora kuliko hizi tulizonazo. Tena picha na vipimo vingi vilivyopo ni vya watu wa Ulaya na Marekani, wetu ni wachache. Utafiti wa NeuroGAP-Psychosis, uliofanyika Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini, ulikuwa na lengo la kupunguza pengo hilo upande wa chembe za urithi, na kwa ajili hiyo ulichukua mate.

Kwa hiyo mtafiti si tabibu wa mwanao. Kushiriki ni hiari. Utafiti halali hapa Uganda hupitiwa na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mna haki ya kuona barua ya kibali hicho. Mnaweza kukataa, au kujitoa katikati, na matibabu yake yasiguswe. Ila msingoje mtafiti afike ndipo mgonjwa aanze dawa.

Tumeanza maombi ya siku 40. Tumlete yakiisha?

Mleteni leo, ombeni leo. Hakuna mhudumu anayewakataza kuomba. Tunachokataa ni zamu: kwanza mchungaji, kisha mganga, kisha shangazi wa mjini, hospitali mwisho. Kule Rogaland, Norwei, walihimiza watu kwa magazeti, redio na shuleni wawahishe wagonjwa wa saikosisi. Baada ya miaka 10, waliokuwa wamepona kutoka eneo hilo walikuwa karibu asilimia 31, na kwenye maeneo ya kulinganisha yasiyo na kampeni hiyo karibu asilimia 15. Miezi ya mwanzo ina thamani.

Na akiwa na homa au amechanganyikiwa ghafla, msingoje hata asubuhi. Huenda ni malaria iliyofika ubongoni au homa ya uti wa mgongo.

Binti yetu amejifungua juzi, hapati usingizi, anaongea ovyo. Mama mkwe anasema ni amakiro, yaani wazimu wa mzazi unaodhaniwa kuletwa na uzinzi, kwamba alitoka nje ya ndoa akiwa na mimba.

Mama mkwe anakosea, na kosa hilo linaweza kuua watu wawili. Hii ni saikosisi ya baada ya kujifungua. Huja mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, hata kwa mke mwaminifu kuliko wote. Msimhoji habari za wanaume. Msimwache peke yake na mtoto. Hospitali siku hiyo hiyo.

Hizo dawa si ndizo zinazoharibu ubongo?

Zipo tafiti zilizoona kwamba dozi kubwa kwa miaka mingi huenda na upungufu mdogo wa ubongo. Kwa hiyo tunatafuta dozi ndogo inayotosha, na mna haki ya kuuliza habari za kupunguza. Kuacha ghafla kwa siri ni jambo jingine: dalili zinarudi, mara nyingi kali kuliko mwanzo.

Mnachokiogopa zaidi ni kile mnachokiona. Siku ya pili au ya tatu baada ya sindano ya haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, shingo inakakamaa upande, macho yanapanda juu, ulimi unakuwa mzito. Familia inapiga kelele kwamba pepo amekasirika, inambeba kwa mganga. Ni athari ya dawa tu. Mrudisheni kwetu mara moja. Kuna dawa ya kuitoa, na kwa sindano shingo hulegea ndani ya nusu saa hivi.

Bangi na mairungi (miraa)?

Aache vyote, na waragi, ile pombe kali, pia. Bangi hasa huamsha saikosisi kwa vijana na kuirudisha kwa waliokuwa wamepata nafuu.

Tukifika tuseme nini?

Anzeni na kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali ya rufaa ya mkoa, huduma za serikali hazilipiwi. Aje mtu anayelala naye nyumba moja, si mjomba mwenye gari ambaye hajamwona tangu Krismasi. Semeni ni lini aliacha kulala, ni lini alianza kujitenga, anakunywa au kuvuta nini, na kama amewahi kutaja kujiua. Leteni pakiti za dawa alizopewa, hata zikiwa tupu. Kama amenyweshwa mitishamba, tajeni bila kuficha. Hatutawagombeza, tunataka kujua nini kimo tumboni kabla hatujamwongezea kingine.