Lebo ya ujiniasi na mtoto anayeibeba

Kipaji cha mtoto huonekana kwa macho. Mtoto wa miaka minne anasoma gazeti peke yake, wa miaka sita anakokotoa hesabu za wakubwa zake. Ujiniasi ni jambo jingine. Kwa kawaida mtu hustahili kuitwa jiniasi akiwa amekwisha kufanya kazi iliyobadilisha namna wenzake wanavyofikiri, na kazi hiyo huchukua miaka mingi. Lebo ya ujiniasi, basi, ni sifa ya mwisho wa safari anayopewa mtu ambaye hata hajaondoka. Mtoto anakopeshwa heshima ambayo hajaifanyia kazi, kisha anaanza kudaiwa mapema mno.

Mdai wa kwanza ni yeye mwenyewe. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya Marekani kwa wanafunzi wa darasa la tano. Watoto walijibu maswali wakafaulu, kisha baadhi wakaambiwa wana akili sana, na wengine wakaambiwa wamejitahidi. Wengi wa waliosifiwa akili walitaka kazi inayofuata iwe ile watakayoiweza bila shaka. Baada ya kupewa maswali magumu yaliyowashinda, walirudishiwa ya kiwango cha mwanzo, na sasa wakafanya vibaya kuliko mara ya kwanza, ilhali waliosifiwa juhudi walipanda. Kuna jambo moja katika majaribio hayo linaloniumiza kila nikilikumbuka. Walipotakiwa kuwaandikia wanafunzi wengine alama walizopata, takriban asilimia 38 ya waliosifiwa akili walijiongezea alama. Kwa waliosifiwa juhudi ilikuwa asilimia 13 hivi.

Tafiti zilizofuata hazikubaliani zote juu ya ukubwa wa athari hiyo. Hata hivyo, yeyote aliyekaa karibu na mtoto wa aina hii anajua inavyokuwa. Akishaamini kwamba yeye ni jiniasi, kuuliza swali darasani kunakuwa hatari, maana jiniasi haulizi. Kufuta na kuanza upya ni aibu. Anajifunza kukwepa asichokijua, tena anakwepa kwa ustadi, hata mwalimu asigundue. Siku anapokutana na somo ambalo kweli ni gumu, pengine akiwa kidato cha juu au chuo kikuu, hana mazoea ya kukwama na kujikwamua. Wenzake walianza kuyapata mazoea hayo tangu wadogo.

Halafu kuna umri. Akili ya mtoto inaweza kukimbia miaka mitano mbele, lakini moyo wake ukabaki wa miaka minane. Mwanasaikolojia Leta Hollingworth, aliyewasoma watoto wa aina hii Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, aliona jinsi kutolingana huko kunavyowatesa. Mtoto anaelewa habari za vita na vifo, ila hana uwezo wa kuzibeba usiku akiwa kitandani. Akilia kwa sababu kichezeo kimevunjika, anaambiwa mtu mwenye akili kama yeye halii ovyo. Nyumbani nako ndugu zake wanapimwa kwake, nao wanamchukia kwa kosa asilolitenda.

Anayeonyesha wazi jinsi lebo inavyoweza kumwandama mtu maisha yote ni William James Sidis. Alizaliwa New York mwaka 1898, mtoto wa mwanasaikolojia Boris Sidis, na akaingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11. Januari 1910 alitoa mhadhara juu ya maumbo ya vipimo vinne (yaani yenye kipimo kimoja zaidi ya urefu, upana na kimo) mbele ya klabu ya hisabati ya chuo hicho, na magazeti yakamvamia. Alipokua alichagua kazi za kawaida za ofisini na maisha ya kimya. Hakuachwa. Mwaka 1937 jarida la The New Yorker liliandika habari zake kwa namna iliyomfedhehesha, akalishtaki kwa kuingilia faragha yake. Mwaka 1940 mahakama ya rufaa ilimnyima haki: ilisema umma bado ulikuwa na sababu ya kujua kama ametimiza matarajio ya utotoni. Matarajio hayo yalikuwa ya watu wengine! Alifariki mwaka 1944 akiwa na miaka 46, na hadi leo wapo wanaomtaja kama aliyepotea, kana kwamba kuishi kwa utulivu ni kuvunja mkataba.

Na lebo yenyewe haitabiri vizuri. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu kabisa katika vipimo vya akili. Hakuna hata mmoja wao aliyepata Tuzo ya Nobel. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakaachwa nje ya kundi hilo. Wote wawili baadaye walipata Nobel ya fizikia, mwaka 1956 na 1968.

Hayo hayana maana kwamba kipaji kifichwe. Mtoto anayechoshwa na masomo mepesi naye anaumia, na kumnyima kazi ya kiwango chake ni ukatili wa namna yake. Mwanahisabati Terence Tao wa Australia alianza kusoma hisabati za chuo kikuu akiwa na miaka 9. Katika masomo mengine hakuharakishwa hivyo. Kila somo lilikwenda kwa kasi aliyoiweza. Alipata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati, mwaka 2006, na ameandika wazi kwamba hisabati haihitaji mtu awe jiniasi: inahitaji kufanya kazi kwa bidii, kuijua vizuri fani yako, kuuliza maswali na kuzungumza na wanahisabati wengine. Ndivyo anavyowaambia wanafunzi wanaomwuliza kama wanafaa kuendelea.