Je, wajua kwa nini gitaa la doom hunguruma hata likipigwa nota mbili tu?

Shusha nyuzi za gitaa hadi C, liunganishe na pedali ya fazi, kile kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti, kisha piga nota mbili pekee: C ya chini na G iliyo juu yake. Ndani ya sauti itakayotoka mna nota ya tatu ambayo hakuna uzi ulioipiga, C nyingine iliyo oktava nzima chini ya ile ya kwanza. Sehemu kubwa ya uzito wa doom, roki ile ya polepole iliyozama chini, inatoka hapo. Wengi huutafuta kwenye kitufe cha besi cha amplifaya. Hukizungusha hadi mwisho, wakaambulia matope.

Ishara inayotoka kwenye pikapu, yaani zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, kwa kawaida haifiki hata volti moja. Pedali huikuza mara nyingi kwa transista, halafu huipitisha kwenye diodi mbili zilizoelekezwa kinyume. Diodi ya silikoni huanza kupitisha umeme kwa wingi ikifika volti 0.6 hivi, kwa hiyo chochote kinachozidi hapo hukatwa, juu na chini. Wimbi lililokuwa la mviringo hubaki bapa kichwani, kama ua wa michongoma uliopitiwa na panga. Pembe hizo mpya ndizo sauti kali unazozisikia juu ya nota. Na kwa kuwa ishara imekuzwa kupita kiasi, nota inapoanza kufifia bado inagonga dari lile lile la volti 0.6. Ndiyo maana inadumu muda mrefu bila kupungua.

Nota mbili zikikatwa kwa pamoja, kunazaliwa sauti ambazo hazikuwepo, zikiwemo jumla yao na tofauti yao. C ya chini hutetema mara 65.4 kwa sekunde, G mara 98. Toa moja kwa nyingine upate 32.6, na hiyo ni C ya chini kabisa. Hesabu imekubali kwa sababu nota hizi zina uwiano wa karibu 2 kwa 3.

Sasa jaribu A na C nyuzi zikiwa kwenye toni ya kawaida, 110 na 130.8. Tofauti ni 20.8, chini mno kuwa nota, lakini inaifanya sauti nzima itetemeke. Kuna nyingine pia: mara mbili ya 110 ukitoa 130.8 unapata 89.2, ambayo inakaribia F bila kuwa F sawasawa, na F haimo kwenye kodi, yaani nota zinazopigwa pamoja, ya A ndogo hata kidogo. Gitaa lako liko kwenye toni, ila pedali imeingiza mgeni. Mpiga gitaa wa Kisumu aliyekulia kwenye benga atalisikia hili mara moja, maana benga hutaka kila nota isimame peke yake, safi na ya haraka, kwa namna inayofuata uchezaji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Mtindo ule ukiupitisha kwenye fazi, nota zinagandamana. Doom huacha kodi kamili na kubaki na nota mbili kwa sababu hii, na hupiga polepole ili kila moja ipate nafasi ya kujaa.

Pedali ya fazi ilianzia kwenye hitilafu. Karibu na mwaka 1961, huko Nashville Marekani, sehemu moja ya miksa iliharibika katikati ya kurekodi na sauti ikabaki imekwaruzika. Mwaka 1962 ikaja Maestro Fuzz-Tone, pedali iliyouzwa madukani kwa ajili ya sauti hiyo. Big Muff ya Electro-Harmonix, inayopendwa mno na wapiga doom, ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Inakata wimbi mara mbili mfululizo, kila hatua ikiwa na diodi zake.

Lakini Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, ambaye doom yote inamtazama, alitegemea kifaa kinachoongeza sauti kali kabla ya amplifaya, tena kinachopunguza besi. Inashangaza mpaka ukumbuke ukataji ule: besi nyingi ikiingia kwenye diodi hula nafasi yote, na nota zingine zinakatwa pamoja nayo. Kwa hiyo punguza besi kabla ya pedali na uirudishe baada yake. Ukifuata kanuni hii moja, pedali ya bei nafuu itatosha.

Iommi alikatika ncha za vidole viwili kiwandani, na kulegeza nyuzi kulimpunguzia maumivu. Kufikia 1971 alikuwa akishusha nusu toni tatu. Ukishusha nne, kutoka E hadi C, mkazo wa uzi hupungua kwa asilimia 37 hivi. Uzi wa .046, yaani unene wake kwa inchi, utalegea, utagonga freti, na ukiubonyeza kwa nguvu toni itapanda. Ili urudishe mkazo ule ule unahitaji uzi mnene zaidi kwa robo, yaani karibu .058, na wa kwanza kutoka .010 hadi .0125 hivi. Panua kidogo mifereo ya nati, kile kipande kinachoshika nyuzi mwishoni mwa shingo, la sivyo uzi utakwama humo na hautatulia kwenye toni. Kisha rekebisha urefu wa nyuzi kwenye daraja.

Kuhusu umeme, pedali nyingi hutaka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Adapta ya ruta ya intaneti ina plagi inayofanana, lakini mara nyingi ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Ukiichomeka, diodi ya kinga ndiyo itakayoungua kwanza ukiwa na bahati. Bila kinga hiyo, ni transista na kapasita. Stima ikipotea, betri ya 9V inatosha: Big Muff hutumia chini ya miliampea 5, hivyo betri ya alkalini hufika saa 100. Chomoa waya wa gitaa ukimaliza, kwa kuwa jeki hiyo ndiyo swichi ya betri.

Stima yetu ni ya 50 Hz, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na mvumo wa adapta mbovu husikika sana kwenye 100. G yako ni 98. Zikikutana, sauti itapanda na kushuka mara mbili kila sekunde, na utadhani gitaa halijatyuniwa. Jaribu kwa betri kabla ya kugusa vigingi.

Kwenye kumbi na makanisa ya Nakuru, tatizo kubwa ni miksa. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi mengi zaidi ya 5,000 Hz, ila spika za ukumbi zina honi, sehemu ya sauti za juu, inayofika mbali juu ya hapo. Fazi iliyochomekwa moja kwa moja kwenye miksa hutoa mvumo wa nyuki. Kata kila kitu kilicho juu ya 5,000. Kisha ongeza sauti za kati karibu na 1,000, maana Big Muff huzifukua hapo hapo na gitaa hupotea ngoma na besi zikiingia. Kama miksa haina kichujio, piga kupitia amplifaya ya gitaa na uweke maikrofoni ukingoni mwa koni. Katikati ya koni ndipo ukali wote unapotokea.