Umbali na muda wa safari ya ndege: Nairobi hadi New York

Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Huo ni umbali wa angani, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya miji hiyo miwili.

Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari utapita Nigeria na Mali. Ramani inakudanganya, kwa sababu dunia ni mviringo. Chukua tufe la darasani, bana uzi kwenye miji yote miwili, kisha uukaze. Uzi utapanda Sudan Kusini, Chad, Algeria na Morocco, uvuke Atlantiki, hata uzidi New York kidogo upande wa kaskazini kabla ya kushuka. Urefu wa uzi huo ndio umbali unaotajwa. Rubani huufuata pale anapoweza tu, maana kuna anga zisizopitika. Ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 vita vilipoanza.

Muda nao una hesabu yake. Ndege kubwa hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ungetarajia saa 13. Lakini Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba yake ilikuwa takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Saa za kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena, kwa hiyo kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka vyote vimo. Halafu kuna upepo. Huko juu, kama kilomita 10 hivi, mkondo wenye nguvu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma.

Wengi hukwama kwenye saa za mahali. Tuseme umeondoka Nairobi saa tano na nusu usiku. Baada ya saa 15, Nairobi ni saa nane na nusu mchana, lakini New York wakati wa baridi iko nyuma kwa saa nane, hivyo unatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukitazama tiketi haraka utadhani umesafiri saa saba. Wakati wa kiangazi Wamarekani husogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi, na tofauti inabaki saa saba.

Kurudi ni kinyume: ukitoka huko saa sita na nusu mchana, unafika kesho yake saa nne na nusu asubuhi. Kwenye tiketi imeandikwa 10:30. Mjomba aliyekuja kunipokea aliisoma kwa Kiswahili, "saa kumi na nusu", akanikuta jioni nimelalia masanduku.